Chekeche Lililofunikwa Khanga

Nilikokwenda hakumo kwenye ramani, lakini nimekwenda na nimerudi na viatu vyangu vyote viwili, kwa hiyo anayetaka kubisha abishane na viatu. Nchi yenyewe inaitwa Utajo. Njia sitaieleza, maana goti langu la kushoto halipendi kukumbushwa. Nitaeleza niliyoyaona na niliyotendewa. Nilitendewa mema na watu ambao sheria yao haiwapi nafasi ya kutenda mema, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mjukuu wangu Namsifu alikuwa amekaa huko miaka minne, akifanya kazi. Siku moja aliniletea barua fupi: "Bibi, Baraza linakaa mwezi huu. Wanataka vidato vitano, mimi ninavyo viwili. Nisipovipata nitarudi nyumbani, na chekeche langu litavunjwa." Vidato sikuvielewa. Chekeche nililielewa kidogo. Lakini mwandiko wake ulikuwa umelala upande, na Namsifu tangu mdogo akichoka mwandiko wake hulala. Nikafunga tangawizi mbichi kwenye kitambaa, nikachukua unga wa ulezi, nikaenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona Utajo ni foleni ya maji. Watu walikuwa wanasukumana mbele, na wengine wanasukumana nyuma, na katikati peupe. Kila mtu mpya akifika, yule wa mwisho anamsihi, "Pita ndugu yangu, pita mbele yangu," naye mgeni anakataa katakata. Niliambiwa baadaye kwamba katika nchi hiyo watu wakifanya kazi pamoja majina yao huandikwa kwa mstari. Wa kwanza huheshimiwa kwa kuwa ndiye aliyefanya, na wa mwisho kwa kuwa ndiye mwenye mahali. Wa katikati hakumbukwi na mtu. Basi mazoea hayo yamewaingia hata kwenye maji. Mimi nikasimama katikati, nafasi tele.

Mwanamke mmoja, Bi Kidani, alikuwa katikati kama mimi. Akanijazia kikombe changu kabla ya kujaza ndoo yake. Nikamwambia, "Asante, mwanangu."

Akatazama huku na huku, akatoa kikaratasi kifuani. "Mama, asante haihesabiki. Niandikie."

"Niandike nini?"

"Kwamba nimekupa maji. Na jina langu. Ukiweza, jina liwe mwanzoni."

Nikaandika: *Bi Kidani alinipa maji, yalikuwa ya baridi.* Akasoma, akacheka. "Hili la baridi halina kazi," akasema, "lakini liache."

Sokoni nilitaka nyanya. Muuzaji akashika moja, akakohoa, akaanza: "Kwamba nyanya hizi zimeiva, alisema Kilango. Kilango na wenzake wakakubali mwaka uliofuata. Mrope alipinga, lakini Mrope aliangalia za kijani. Hivi karibuni Mrope na wenzake..."

Nikamwambia, "Mwanangu, nyanya naiona."

Akashtuka. "Umeiona mwenyewe? Bila kumtaja mtu?"

"Kwa macho haya mawili."

Akanifungia haraka haraka, huku akinitazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila nguo. Akaniongezea moja juu, labda kwa huruma.

Sasa nieleze vidato. Utajo kila mtu mwenye kazi ya akili huandika karatasi: nilifanya hivi, nikaona hivi. Wengine wakiitaja karatasi yake katika karatasi zao, karani anaandika katika daftari. Ukiwa na karatasi tatu, na kila moja imetajwa si chini ya mara tatu, unaruhusiwa kujenga vidato vitatu vya mawe mbele ya mlango wako. Ukitaka kidato cha nne, uwe na karatasi nne zilizotajwa mara nne nne. Karatasi moja ikitajwa mara elfu na nyingine zimelala, una kidato kimoja tu, na watu wanakupita bila salamu. Ndiyo maana nyumba za Utajo zimekaa juu kama mitungi juu ya rafu, kila moja na kimo chake. Wakubwa wana vidato ishirini na zaidi. Chakula chao kinapoa njiani, na mgeni mzee hawampati.

Hata salamu yao ni hiyo. Wakikutana, mmoja huuliza, "Umetajwa?" Mwenzake hujibu, "Nimetajwa, sijui wewe." Hakuna anayeuliza watoto wameamkaje.

Nikafika kwa Namsifu. Nikapanda kidato cha kwanza, nikapanda cha pili, nikawa nimefika. Nasema kweli, moyoni nilimshukuru Mungu kwa cheo chake kidogo.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mama. Mbona umekonda hivi?"

"Sijakonda, Bibi. Ni nguo."

Nguo zilikuwa zile zile nilizomshonea mimi. Nikachemsha uji.

Kazi ya watu wa pale alinieleza jioni ile, na mimi nitaieleza kama nilivyoielewa. Kila kiumbe chenye uhai, mgomba, mbuzi, mtu, ndani yake kuna uzi mrefu wenye shanga za rangi nne tu. Mpango wa shanga hizo ndio unaosema huu uwe mgomba na yule awe mbuzi, na huu mgomba uugue na ule upone. Kazi yao ni kuzisoma. Lakini uzi ukitolewa hukatikakatika vipande maelfu, tena vinatoka na vumbi, mchanga na shanga za viumbe wengine. Lazima kwanza vichekechwe. Namsifu ndiye aliyetengeneza chekeche la kufanya hivyo. Ni meza kubwa nyuma ya nyumba, yenye nyavu saba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na juu yake paa la makuti. Vipande vichafu vinaingia juu, na chini vinatoka visafi, kila kimoja karibu na ndugu yake.

Tangu alfajiri watu walikuwa wanakuja na makapu yao. Wanamwaga, wanachekecha, wanakusanya, wanaondoka. Namsifu anazunguka, anazibua matundu, anakaza waya, anamwonyesha mgeni. Ubavuni mwa chekeche alikuwa amebandika karatasi kumi na moja alizoziandika mwenyewe: namna ya kumwaga, namna ya kusafisha matundu, namna ya kutambua mchanga, na nyingine. Kwa kuwa ni mtoto mwenye utaratibu, zote kumi na moja alikuwa amezipeleka kwa karani zikagongwa muhuri.

Nikamuuliza, "Hawa wote wanakutaja?"

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini?"

"Wanataja walichokipata. Hawataji walichochekechea. Nikiwauliza wananiambia, anayekula ugali humtaja aliyechekecha unga?"

"Kwetu tunamwita aje kula."

Akacheka kidogo, kisha akanionyesha karatasi moja kubwa yenye sifa nchi nzima, inayohusu ugonjwa wa migomba. Majina ishirini na mawili. La kwanza lilikuwa la Lugome, Mwenyekiti wa Baraza. La Namsifu lilikuwa la kumi na nne.

"Watu wakiitaja hii wanasemaje?" nikauliza.

"Wanasema, Lugome na wenzake."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko kwenye wenzake, Bibi."

Nikalishika neno hilo siku nzima. Nikikuna nazi linakuja, nikifua linakuja.

Jirani wa mkabala alikuwa Mzee Mbonde, mwenye vidato thelathini na kimoja, vingi kuliko vya mtu yeyote Utajo. Nyumba yake ilikuwa juu hata kuku hawajui kama ina mlango. Alikuwa na kamba na kikapu. Vitu vyake vyote vinapanda kwa kikapu. Miguu yake haikuteremka vidato hivyo kwa miaka mitatu, kwa sababu na yeye ana magoti.

Siku ya pili nilikuwa ninasaga tangawizi, nikasikia sauti kutoka mbinguni. "Mama wa chini! Hicho kinachonukia ndicho ninachokidhania?"

"Unadhania nini?"

"Tangawizi mbichi!"

"Teremsha kikapu!"

Nikamwekea chupa ya chai. Ikapanda polepole, kamba ikilia. Halafu nikasikia mtu mzima akipenga kamasi.

Tangu hapo tukawa tunaongea kila asubuhi, mimi chini, yeye juu, kwa sauti ya watu wanaoitana ng'ambo ya bonde. Nikamuuliza alifanya nini hata akatajwa hivyo.

"Nilikosea!" akasema.

"Ulikosea nini?"

"Niligundua shanga ya rangi ya tano! Ya zambarau! Nikaiandikia karatasi. Halafu nikaandika asili yake, na ndugu zake, na faida zake, na namna inavyosafiri. Karatasi thelathini na moja!"

"Na kumbe?"

"Kumbe siku ile ya kwanza nilikuwa nimekula zambarau, sikunawa mikono!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Na yeye akacheka, lakini cheko lake lilikwisha mapema.

"Kila mtu akaandika kunipinga," akasema. "Na kupinga ni kutaja. Sheria haiulizi umetajwa kwa wema au kwa ubaya. Kila aliyenikosoa aliniongezea jiwe. Chekeche la mjukuu wako ndilo lililoonyesha kwamba ile rangi ni maji ya tunda. Waliandika hivyo wote, ila chekeche hawakulitaja."

"Wewe mwenyewe hukusema kwamba umekosea?"

Kikapu kikashuka. Ndani mlikuwa na karatasi moja, ya ukurasa mmoja, yenye muhuri. Juu imeandikwa: *Nilikuwa Nimekula Zambarau.* Chini ya muhuri karani ameandika idadi ya mara ilizotajwa: sifuri.

"Hii nzuri kuliko zote," nikamwambia. "Kwa nini hawaitaji?"

"Haina cha kubishia," akasema Mzee Mbonde. "Nirudishie, mama. Ninayo hiyo moja tu."

Nikaikunja vizuri, nikairudisha kwenye kikapu pamoja na andazi.

Siku tatu kabla ya Baraza, Namsifu alianza kutetemeka. Alikuwa anaandika karatasi tatu kwa mpigo, akitumaini zitatajwa upesi apate vidato vitatu vilivyopungua. Kalamu mkono wa kulia, mkono wa kushoto unazibua chekeche. Nikamgusa shingo, ilikuwa ya moto kama jiko.

"Kalale."

"Bibi, watu wanakuja."

"Watakuja, watarudi."

"Nikilala sasa nimekwisha. Siku tatu tu, Bibi. Niache siku tatu."

"Namsifu," nikamwambia, "mimi sikuja kuchukua vidato. Nilikuja kukuchukua wewe kama ikibidi, na nitakuchukua ukiwa mzima. Kalale."

Akaniangalia, akaona sitaondoka mlangoni. Akalala na viatu. Nikamvua viatu, nikaita mganga wa pale akampa dawa za homa. Kisha nikaenda kwenye chekeche, nikatandaza khanga yangu juu yake, ile ya pili ambayo huitumia kujifunika, nikafunga ncha zake nne kama mtu anayembeba mtoto mgongoni. Nikaweka kigoda, nikakaa.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja mwenye kapu la shanga za mihogo.

"Leo kuna nini?"

"Leo limelala."

"Chekeche linalala?"

"Mwenyewe amelala. Anaumwa."

Yule bwana akashusha kapu taratibu. "Kumbe lina mwenyewe?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Na wa pili akauliza hivyo hivyo, na wa tano, na wa ishirini. Walikuwa wamelitumia miaka minne kama mtu anavyotumia kivuli. Wengine walimjua Namsifu kwa sura, wakidhani ni msichana anayefagia. Kufikia adhuhuri makapu yalikuwa yamepangana mpaka barabarani, na kazi nchi nzima imesimama.

Watajo hawagombani. Wanaandika. Ipo fomu ya malalamiko, nayo ina mistari minne: kitu kilichokosekana, jina la mtendaji wake, karatasi yake uliyokuwa unaifuata, na saini yako. Bila mistari yote minne karani haipokei. Basi ilibidi kila mmoja asogee ubavuni mwa chekeche, ainue ncha ya khanga yangu, asome, na aandike. Walikuwa wanasoma kwa sauti. "Namna ya Kutambua Mchanga, ya Namsifu... Namna ya Kukaza Waya, ya Namsifu." Wengine wakawa wanasoma zote kumi na moja, hata wasiohitaji. Mmoja akasema, "Aa, kumbe ndivyo! Mimi miaka yote ninamwaga kinyume."

Bwana wa mihogo alirudi siku ya pili na machungwa mawili. "Bi mkubwa, mpe mgonjwa. Malalamiko yangu nimeshayapeleka, usinielewe vibaya, ni sheria."

"Nimekuelewa, baba. Asante." Naye hakunitolea kikaratasi. Akaondoka zake.

Namsifu alilala siku mbili. Aliamka mara nne kuuliza kama kuna watu, na mara nne nikamjibu kwamba kuna mimi.

Asubuhi ya tatu Baraza lilikaa. Hukaa barabarani, chini ya nyumba ya Mzee Mbonde, kwa sababu sheria inataka mwenye vidato vingi aweze kuona, na yeye hawezi kushuka. Namsifu alitoka amejifunga blanketi, uso mdogo lakini mkavu, homa imemwachia. Karatasi zake tatu hakuzimaliza. Alikaa karibu yangu, akashika kidole changu kama alivyokuwa akikishika siku za kwenda kuchanjwa.

Mwenyekiti Lugome alikuwa mtu mrefu, mwenye vidato ishirini na vinne, mpole wa sauti. "Namsifu," akasema, "kazi yako si mbaya. Lakini kipimo ni kipimo. Tulitaka vitano. Karani, soma."

Karani alikuwa mwanamke aitwaye Semeni. Alikuja anasukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na fomu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mpaka juzi Namsifu alikuwa na vidato viwili. Tangu juzi ametajwa mara mia nne sitini na tatu."

Watu wakageukiana. "Na nani?"

"Na nyinyi." Akainua fungu. "Karatasi zake kumi na moja za kwenye chekeche zimetajwa zote. Iliyotajwa kidogo kuliko zote, Namna ya Kusafisha Matundu, imetajwa mara kumi na moja. Kwa kipimo chetu, ni vidato kumi na kimoja."

Mwenyekiti akavua miwani. "Karani, hayo ni malalamiko. Lawama si sifa."

"Sheria haisemi sifa, Mheshimiwa. Inasema kutajwa, kwa maandishi, kwa jina, na kwa saini."

Mjumbe mmoja akasimama. "Haiwezekani! Lawama ikihesabiwa, kila mtu atafunga kazi yake apandishwe!"

"Sawa," akasema Semeni. Alikuwa hana haraka. "Basi lawama isihesabiwe. Niagize nyundo. Tuanze na vidato thelathini na kimoja vya Mzee Mbonde, maana vyote ni lawama."

Sauti ikatoka juu: "Anzeni! Anzeni sasa hivi! Niko tayari tangu mwaka juzi!"

Watu wakacheka, lakini wajumbe hawakucheka. Niliona wanahesabu kwa vidole ndani ya mikono ya kanzu. Wengi wao vidato vyao vilitokana na kubishana na Mzee Mbonde, na wao kwa wao. Ukiondoa ubishi, nusu ya mji unakaa chini. Wakabishana saa nzima kama ubishi uhesabiwe. Mimi nilipata nafasi ya kumenya chungwa moja na kumpa Namsifu vipande.

Hatimaye Semeni akasema, "Naomba kusoma fomu moja. Ya mia mbili na kumi na mbili." Akasoma: "*Nimesimama na kapu langu tangu asubuhi. Bila chekeche la Namsifu sina ninachoweza kufanya, wala sijawahi kuwa nacho.* Saini, Lugome."

Mwenyekiti akavaa miwani yake, akaivua tena. Nilidhani atakasirika.

"Ni mwandiko wangu," akasema. "Niliandika nikiwa na hasira." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Nimechekechea kwako karatasi kumi na tisa, binti. Sijui kwa nini ilibidi nikasirike kwanza."

Wakapiga kura. Lawama ikahesabiwa. Vidato kumi na kimoja.

Watu wakaja kumpa mkono. Namsifu alipokea, alitabasamu, lakini tulipoingia ndani alikaa kitandani akaanza kulia.

"Bibi, siku zote lilipokuwa wazi hawakusema neno. Wamenitaja siku mbili nilizolifunga."

Nikakaa karibu yake. "Mama," nikamwambia, "hata mimi goti langu silitaji mpaka liume. Lakini ndilo lililonileta."

Akacheka huku analia, akalaza kichwa pale pale kwenye goti. Lilikuwa linauma. Nikamwacha.

Kesho yake mafundi wakaleta mawe tisa ya kuongezea. Namsifu, ambaye alikuwa ameshafungua chekeche na kunirudishia khanga yangu imekunjwa, akayatazama mawe, akatazama mlango wake, akanitazama mimi. Akamwita Semeni.

"Karani, sheria inasemaje hasa?"

Semeni akafungua kitabu. "*Mwenye kutajwa ataweka vidato vyake mbele ya mlango wake.*"

"Inasema viende juu?"

Semeni akasoma tena, na kidole chini ya mstari. Akafunua ukurasa wa nyuma. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Haisemi viende wapi."

Basi mafundi wakang'oa vile viwili vya zamani, wakavilaza vyote kumi na kimoja chini, bapa, kimoja mbele ya kingine. Vilitoka mlangoni, vikapita kando ya chekeche, vikavuka barabara, na cha kumi na moja kikagusa kidato cha chini kabisa cha Mzee Mbonde. Nikavitembea vyote bila kumshika mtu. Semeni akapita nyuma yangu akivihesabu, akagonga muhuri.

Mzee Mbonde alikuwa anatazama kutoka juu. Alitazama muda mrefu. Kisha nikaona amekaa kwenye kidato chake cha juu, kama mtoto, akateremsha miguu kwenye kinachofuata, akajisogeza. Akapumzika. Akajisogeza tena. Mwenyekiti Lugome, aliyekuwa amekuja na kapu lake, akaliweka chini, akapanda kumfuata, akawa anashuka mbele yake kidato kwa kidato, ili akiteleza amwangukie yeye. Iliwachukua asubuhi nzima. Chai niliipasha mara mbili. Alipofika alikuwa anatweta, akaniangalia kwa karibu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema.

"Na wewe sauti yako ni kubwa," nikamwambia. "Karibu chai."

Utajo ina sheria moja ya mwisho, ya wasafiri. Mgeni hatoki mpaka ameacha karatasi moja ya aliyoyaona. Nilimwambia Semeni kwamba mimi si mwandishi, nilisoma darasa la nne. Akasema la nne linatosha, na akaniazima kalamu yake. Hii ndiyo karatasi yenyewe, na yenu ni nakala yake, niliyoiongezea kidogo nilipofika nyumbani.

Alipoisoma akaniuliza, kwa utaratibu wa kazi, ninawataja akina nani. Nikamwambia: Bi Kidani, aliyenipa maji ya baridi. Muuzaji aliyeniongezea nyanya. Bwana wa machungwa, ambaye jina lake sikumuuliza, na hilo ni kosa langu. Semeni mwenyewe. Namsifu, mjukuu wangu, peke yake, si kwenye wenzake. Na Mzee Mbonde.

"Mzee Mbonde kwa karatasi ipi?" akauliza.

"*Nilikuwa Nimekula Zambarau*," nikasema.

Semeni akafungua daftari, akaitafuta mpaka akaipata. Akafuta sifuri, akaandika moja.